Simba Watatu, Mmoja Anaumwa Tumbo

Meza ya jikoni, nyumbani,
Jumamosi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, naomba kwanza nijue miguu yako inaendeleaje. Kwenye barua yako ya mwisho ulisema zamu mbili mfululizo wodini zimekuvimbisha vifundo hata viatu vikakataa kuingia. Je, unavaa zile soksi za kubana unazowahimiza wagonjwa wako wavae? Baba anasema hakuna mgonjwa mbishi duniani kama muuguzi. Nimeandika tu alivyosema, mimi simo.

Sisi huku wote wazima. Baba, kaka yako, kikohozi kimemwachia, ingawa dawa uliyomwambia anywe siku saba aliinywa siku tatu, akatangaza kwamba amepona. Tafadhali usimwambie umeyasikia kwangu. Mama, wifi yako, mzima pia, na lile gauni ulilomtumia limemkaa vizuri sana baada ya kulifungua kidogo kiunoni. Mimi niko likizo. Nimemaliza vitabu vyote vinne nilivyoazima maktaba ya shule, na kimoja nimekisoma mara mbili.

Shangazi, nina habari! Nimejitahidi kuanza kwa utulivu kama tulivyofundishwa darasani, salamu kwanza, afya pili, lakini nimekuwa nikiandika huku nikiitazama aya hii kwa mbali kama mtu anayengoja zamu yake. Sasa nimefika. Kaa kitako, uinue miguu juu ya kiti, nikusimulie jinsi nilivyokaribia kuifunga chekechea ya Mama kwa mkono wangu mwenyewe.

Unavikumbuka vile vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Siku hizi watoto ni kumi na tisa, na ukutani tumepaka rangi ya manjano hadi pale mkono wangu ulipoishia. Kibali cha muda alichokuwa nacho Mama kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi huu. Ofisi ya elimu ilimletea fomu za kuomba kibali kamili, zenye kurasa sita, na onyo kwa herufi nzito chini ya kila ukurasa: atakayetoa taarifa za uongo atanyimwa kibali. Bila kibali Mama angefunga. Watoto wangetawanyika, naye angerudi kufua mashuka ya hoteli, kazi aliyoiacha miaka mitatu iliyopita viganja vikiwa vimechubuka. Hakulisema hilo kwa mdomo. Lakini wiki nzima alikuwa akisugua sakafu ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

Ukurasa wa tano ulitaka orodha ya vifaa vya kuchezea. Ulikuwa na safu nne: jina la kifaa, idadi, matumizi, hali yake. Mama alinikabidhi mimi. "Wewe ndiye mwenye mwandiko," alisema, "na huwa hukosei." Nilifurahi mpaka masikio yakawa moto.

Lazima nikueleze vifaa vyenyewe. Vya kununua hatuna. Tuna ndoo ya plastiki iliyokatika mkono, brashi tatu kuukuu za kusugulia sakafu, vifuniko vya makopo makubwa ya maziwa, shuka la buluu lililochanika, makopo mawili ya chuma yenye kokoto ndani ambayo Baba aliyaziba midomo, vibao vinne vilivyobaki kwenye rafu ya fundi cherehani, na vipande vya mabomba ambavyo Baba huvileta kutoka kazini, akavipiga msasa kingo zote na kuvichemsha kwa sabuni. Hivyo ndivyo vitu vyetu vyote. Nilikaa navyo mkekani, nikachonga penseli, nikaandika: ndoo mbovu, moja.

Kijana mmoja wa miaka minne alikuja akasimama kando ya bega langu. Tunamwita Bosi, kwa sababu kila kitu chenye magurudumu, na kisicho na magurudumu, anakiendesha yeye.

"Dada, unaandika nini?"

"Naandika ndoo."

"Ndoo ipi?"

"Hii hapa."

"Ala! Hiyo si ndoo. Wewe ukiumwa utapanda ndoo?"

Nilimuuliza basi ni nini. Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu wa hesabu anavyonitazama mimi. Lile ni gari la wagonjwa. Na nilipoiangalia fomu tena, Shangazi, naapa niliona ana hoja. Fomu haikuuliza kitu hicho kilinunuliwa kikiwa nini. Iliuliza jina lake na matumizi yake. Wanaokitumia ni akina nani? Nikafuta "ndoo mbovu" kwa uangalifu mpaka karatasi ikawa safi, nikawaita watoto, nikamwuliza kila mmoja kuhusu kila kitu. Nilichukua asubuhi mbili. Pale walipopishana niliwaacha wabishane hadi wakubaliane, ndipo nikaandika.

Nakunakilia sehemu yake, maana nakala nilibaki nayo:

Gari la wagonjwa. Moja. Kupeleka wagonjwa kwa Daktari. Halina mkono lakini linakimbia.
Simba. Watatu. Kulinda mlango. Mmoja anaumwa tumbo.
Bahari. Moja. Kuvuka. Imechanika katikati, watu wapite pembeni.
Mvua. Mbili. Kunyesha. Moja inavuja.
Simu. Nne. Kuongea na akina mama walioko kazini. Hazina chaji.
Abiria. Ishirini na watatu. Kusafiri. Wote wazima.

Mama alikuwa juu ya stuli ananing'iniza mapazia nilipompelekea. Aliona mistari iliyonyooka, aliona mwandiko, akaweka karatasi juu ya goti akatia sahihi. Siku hiyohiyo Baba akaipeleka ofisini akiwa njiani kwenda kuzibua sinki la mtu.

Jumanne wiki hii, watoto wakiwa ndiyo kwanza wamevua viatu, geti liligongwa. Aliingia mkaguzi. Ni bwana mrefu, ana jalada kwapani, na viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi hivi kwamba ungeweza kuona dari ndani yake. Watoto wote kumi na tisa wakapiga kelele shikamoo. Akaitikia marahaba moja tu, ya jumla. Kisha akafungua jalada.

"Mwalimu," alimwambia Mama, "nimekagua shule nyingi. Nimeona zenye bembea, nimeona zenye vinanda. Shule yenye bahari sijapata kuiona. Naomba unionyeshe."

"Bahari?" Mama aliuliza.

"Na simba watatu. Ofisini kwetu kazi ilisimama nusu saa, watu wanasoma orodha yako. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu chini pameandikwa kwamba mwombaji ameapa haya yote ni kweli, na hii ni sahihi yako."

Mama aliichukua ile karatasi. Nilimwona akisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akainua macho, akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira, na afadhali angenitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeegemea ukuta akasikia ukuta unasogea.

Shangazi, unanijua. Mimi darasani nikiulizwa jibu ninalolijua huangalia meza. Nikiagizwa dukani hujirudia maneno njia nzima, nikifika nasema "naomba" halafu naishia hapo. Lakini nilisikia sauti ikisema, "Ni mimi niliyeandika. Mama hakusoma," na sauti hiyo ilikuwa yangu.

"Kwa nini uliandika uongo?" mkaguzi aliuliza.

"Si uongo. Safu ya tatu inauliza matumizi. Nikawauliza wanaovitumia."

Cherehani ya upande wa pili wa ukuta ilinyamaza, na nadhani fundi alikuwa ameweka sikio. Mkaguzi alinitazama, akaitazama karatasi, akatoa kalamu. "Haya. Nambari moja. Gari la wagonjwa."

Nilinyoosha mkono kuelekea ndoo. Alipoinama aichukue, ilisikika sauti kali: "Usiliguse! Kuna mtu ndani!" Huyo ni Daktari, binti wa miaka mitano ambaye tangu mwezi wa tatu hajakubali kuitwa jina jingine. Shingoni ana kamba yenye kifuniko mwishoni, na ndicho anachosikilizia mapigo ya moyo. "Baba, sogea. Anatoka damu."

Mkaguzi alisogea. Sijui kama alijua amesogea. Bosi akapita mbio na mgonjwa wake, akilia kwa king'ora cha mdomo, ndoo kifuani.

"Watoto wanaweza kufundishwa kusema chochote," alimwambia Mama. Halafu akafanya jambo la akili sana. Aliwaomba watoto wote watoke nje, uani, kisha waingie mmoja mmoja. Akazipanga zile brashi tatu mezani, brashi zilizonunuliwa siku moja, rangi moja, zote zimechakaa. Akaita mtoto wa kwanza.

"Hapa ni nani anayeumwa tumbo?"

Mtoto akamgusa wa katikati. Mkaguzi akazichanganya nyuma ya mgongo wake, akazipanga upya, akaita wa pili. Huyu akamgusa wa kushoto, na ndiye yuleyule. Akazichanganya tena. Wa tatu akamgusa yuleyule. Wa nne alikuwa Kifungo, mdogo kuliko wote, ana miaka mitatu na huwa ameshika kifungo cha shati lake tangu anapofika mpaka anapochukuliwa. Mimi nilifumba macho. Kifungo akikosea, basi. Alizunguka meza yote, akakiachia kifungo, akambeba simba mgonjwa kwa mikono miwili na kumlaza begani. "Shh," alimwambia mkaguzi. "Ndiyo amelala sasa hivi."

Mkaguzi aliomba amwone. Kifungo alifikiri sana ndipo akamkubalia, kwa sharti asimwamshe. Yule bwana akaigeuzageuza brashi kwenye mwanga wa dirisha, na hapo ndipo mimi nami nikaona, Shangazi, jambo ambalo katika asubuhi zangu mbili zote sikuliona. Nywele za brashi hiyo zimelala upande mmoja, chini katikati, kama manyoya ya mnyama anayelalia tumbo linalouma. Watoto hawakubuni ovyo. Walikuwa wameangalia kuliko mimi.

Aliandika kitu kwenye karatasi. Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini kidogo, "Mvua." Watoto wakaingia tena, wakatikisa makopo ya kokoto, ikanyesha. "Bahari." Wakaitandaza ile shuka, wakamwelekeza apite pembeni, naye akapita pembeni, viatu vyake mkononi, kwa sababu Bosi alimwambia vitalowa. "Simu." Akapewa moja azungumze na mama yake. Alisema "Haloo" halafu akaona Mama anamtazama, akairudisha.

Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo akafika kwa abiria.

Abiria ni vile vifuniko, wamepangwa kwenye benchi ambalo ni basi. Alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena. "Wako ishirini na wawili. Umeandika ishirini na watatu."

Nilihesabu na mimi. Ishirini na wawili. Simba, mvua na bahari vyote vimekubalika, na sasa tunaanguka kwa kitu ambacho ni hesabu tupu, kitu ambacho hata watu wazima hawawezi kukitazama kwa namna mbili.

"Kuna aliyeachwa!" Daktari alipiga kelele, na chumba chote kikapinduka. Watoto walifunua mkeka, walichungulia nyuma ya mapazia, walikagua mifuko ya wenzao. Bosi alikaa kwenye usukani, mikono kifuani, akatangaza kwamba basi haliondoki. "Hata siku nzima tutakaa. Sitaki kesho watu waseme Bosi kaacha abiria." Mama alikuwa amepiga magoti anaangalia chini ya kabati, lakini mkono wake haufiki ukutani. Wangu pia haufiki.

"Nipisheni," alisema mkaguzi.

Alilala kifudifudi, Shangazi. Bwana mzima na suruali iliyopigwa pasi, shavu sakafuni, mkono mrefu umeingia chini ya kabati hadi begani, watoto kumi na tisa wamemzunguka wanampa maelekezo. "Kulia! Si hapo, kulia kwako!" "Anasema nini? Analia?" "Baba, mwambie asiogope, mwambie tunakuja!" Nikamsikia kwa masikio yangu haya, kutoka chini ya kabati, akisema kwa upole, "Usiogope, tunakuja."

Alitoka na utando wa buibui kichwani na kifuniko mkononi. Daktari alimpima yule abiria hapohapo. Alikuwa mzima, ila ana njaa. Sijawahi kusikia makofi kama yale, na mengine yalitoka upande wa pili wa ukuta kwa fundi cherehani.

Mkaguzi alijifuta vumbi, akakaa kwenye kile kibenchi kidogo, magoti yakamfika kidevuni. Akaniita nisogee. Akaniambia orodha yangu si uongo, na kwamba ameishuhudia kitu kwa kitu. "Lakini ofisi yangu haina mtu wa kuja kila wiki kuangalia kama simba amepona. Kabatini kwetu inaingia orodha ya watu wazima. Una nusu saa." Nikaandika: ndoo ya plastiki isiyo na mkono, moja, brashi za sakafu, tatu, na kuendelea. Mama alisoma kila mstari, kidole juu ya karatasi, ndipo akatia sahihi. Mkaguzi akaibana ile ya kwanza nyuma ya ile ya pili, akasema zote mbili zitakwenda pamoja. Alipitisha kidole gumba kwenye kingo za mabomba ya Baba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akataka komeo la geti lipandishwe juu mtoto asilifikie na kioo chenye ufa kibadilishwe. Baba alifanya vyote viwili jioni ileile akipiga mluzi.

Juzi Alhamisi kibali kikaja. Kamili! Miaka mitatu, muhuri wa buluu, jina la Mama kwa taipu. Mama alikishika kwa ncha za vidole. Baada ya hapo ndipo akaiomba nakala yangu ya ile orodha ya kwanza, akaisoma yote polepole hapa mezani, na alipofika kwenye simu zisizo na chaji alicheka hadi akafunika uso kwa kanga. Halafu akaniambia nisithubutu tena kumletea kitu atie sahihi akiwa amesimama juu ya stuli. Nimeahidi.

Baba alikitengenezea kibali fremu yenye kioo, na jana asubuhi akakitundika ukutani, chini kidogo kuliko inavyopasa, kwa sababu ukuta wa juu haukubali msumari. Watoto walikikuta walipofika. Walisimama wakakitazama. Nilitaka kuwaeleza kwamba hicho ndicho kilichotunyima usingizi wote, kwamba bila hicho wasingekuwa hapa, lakini Bosi alikuwa ameshatandika mkeka mbele yake. "Kaeni," aliwaambia wenzake. "Mpira unaanza."

Wakakaa, mistari miwili. Daktari akaomba sauti ya televisheni iongezwe, mtu akaongeza. Mama alikuwa anapita na ufagio. Akasimama kidogo, akauliza nani anacheza na nani. Akajibiwa. Akaegemeza ufagio ukutani, akakaa mkekani mstari wa nyuma, Kifungo akamhamia mapajani, naye akaangalia kibali chake, na goli lilipoingia alishangilia kabla ya wote.

Karatasi inakaribia kuisha. Wifi yako anakusalimu sana na anauliza lini utakuja uone vyumba vyetu vya manjano. Kaka yako anakusalimu, anasema fundi cherehani pia anakusalimu, na kwamba yeye Baba anajua vizuri kwa nini fundi anakusalimu. Wasalimie wauguzi wenzako, na yule mzee wa kitanda cha dirishani anayekukatalia uji, mwambie nimemuulizia. Daktari naye ana swali la kikazi: simba anapewa vijiko vingapi vya dawa ya tumbo?

Mungu akulinde kazini na njiani, aipe miguu yako nafuu, na akurudishe kwetu ukiwa unacheka.

Nakupenda sana, Shangazi, kuliko ninavyoweza kusema kwa mdomo,

Mtoto wa kaka yako, yule wa vitabu.